Mechi ya Mikumi Niliyoikataa

Mechi ya Krismasi ya Mikumi niliikataa mara moja tu, na niliikataa kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Mimi ni Mwislamu, mjukuu wa mtu aliyekuja Kilosa kukata mkonge na hakurudi tena kwao, na tangu nikiwa shule ya msingi nilijua kwamba siku ya Krismasi vijana wa Kilosa wanapanda gari kwenda Mikumi kucheza mpira, na siku ya Idi vijana wa Mikumi wanakuja kwetu. Hakuna aliyejua nani aliuanzisha utaratibu huo. Ulikuwepo tu, kama ulivyokuwepo mto Mkondoa.

Mama yangu ndiye hakuipenda mechi ya Idi. Nikitoka kuswali navua kanzu navaa bukta, naye anasimama mlangoni na sinia mkononi.

"Wenzako leo wanapokea wageni," alikuwa akiniambia, "wewe unapokea pasi."

Nami nilikuwa na jibu langu. Nilimwambia watu wako nyumbani siku hizo tu. Waliohamia Dar wamerudi, walioko Morogoro wamerudi, wakulima wameacha majembe. Mechi ukiiweka Jumanne ya kawaida utacheza mbele ya mbuzi. Sikukuu bila mpira, nilisema, watu wanakula, wanashiba, halafu wanatazamana. Mama alikuwa anatikisa kichwa na kuniwekea chakula pembeni. Niliamini maneno yangu, na nikisema ukweli bado nusu yake nayaamini.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa fundi wa kuchomelea, nina kibanda karibu na soko, na kwenye timu nilikuwa beki wa kati na nahodha. Rafiki yangu alikuwa winga wa kushoto, mdogo wangu kwa miaka mitano. Yeye alitoka Kisanga, kwa wakulima wa milimani, familia ya Kianglikana ambayo babu zake walisomeshwa na misheni. Alikuja Kilosa kusoma kidato cha kwanza, akapanga chumba na wenzake wanne mahali ambapo bati lilikuwa linavuja. Siku moja baada ya mazoezi nilimleta nyumbani ale. Mama alimwangalia jinsi alivyokula, akamwambia, "Kesho njoo na godoro lako." Akaja nalo. Alikaa kwetu miaka sita.

Mwezi wa Ramadhani alikuwa hali mchana ndani ya nyumba yetu. Mama alikuwa akimwambia, "Kula baba, wewe hujafunga." Yeye anajibu, "Nitakulaje mama, na ninyi nyote mmefunga?" Anangoja futari pamoja nasi, anakunywa uji kwanza kama sisi. Majirani walikuwa wakiuliza kama amesilimu. Hajasilimu, Mama alikuwa akijibu, ana adabu tu.

Uwanjani tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba nikishanyang'anya mpira nilikuwa siinui macho. Napiga upande wa kushoto, mrefu, na namkuta ameshafika.

Baba yake alifariki mwishoni mwa masika. Nilikwenda Kisanga kuzika, nikakaa siku tatu. Yeye alikuwa mtoto wa kiume pekee; wengine ni dada zake wawili walioolewa mbali. Mama yake hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Na ndugu zake alizungumza Kisagara, na mimi Kiswahili cha polepole, kila neno mahali pake. Siku ya tatu alinishika mkono akaniambia, "Umenisaidia kumshikilia mwanangu."

Wiki ya kwanza ya Desemba rafiki yangu alikuja kibandani nikiwa nachomelea geti.

"Kaka, zima kwanza."

Nikazima, nikavua miwani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameinama.

"Mama ameamua Krismasi ndiyo siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mzee," alisema. "Baada ya ibada, padri atakuja nyumbani, ukoo wote utakuwepo. Amesema nisipokuwepo nisimwite tena mama."

"Si uende? Tatizo liko wapi?"

"Mechi iko siku hiyo. Nikienda kumwambia katibu peke yangu atanifuta. Wewe ni nahodha, wewe atakusikiliza. Kaka, mimi nani mwingine nimkimbilie?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikamuuliza na huo msalaba nani anautengeneza. Akasema mama yake anataka wa chuma, kwa sababu mbao kule zinaliwa na mchwa. Basi nikautengeneza mimi. Nilichukua vipande vya nondo nene vilivyobaki kwenye kazi ya kanisa moja la mjini, nikachomelea, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe mara mbili. Mama yangu alipita kibandani akauona umeegemea ukuta. Nilidhani atasema neno. Alisogea nyuma hatua moja, akafumba jicho, akasema, "Upande wa kulia umeinama kidogo. Unyooshe."

Mkutano wa timu ulifanyika darasani, shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamegusa kidevu. Katibu wetu alikuwa mzee wa biashara ya mpunga, mtu mwenye sauti kubwa na moyo uliokuwa haueleweki. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa wote kwa mpigo, akaanza. Nilinyoosha mkono.

"Mzee, naomba mechi ya Mikumi isogezwe iwe kesho yake. Mwenzetu ana shughuli ya kaburi la baba yake siku ya Krismasi. Na kuna wengine humu wana wazazi, wana wake, kila mwaka wanakula Krismasi yao stendi ya Mikumi."

"Miaka yote tunacheza siku hiyo," katibu alisema. "Wakristo humu ni nusu ya timu. Mbona hawajalia?"

Kiungo wetu mmoja akasema, "Mimi sijalia mzee, ila mwaka jana mke wangu alininunia mpaka mwezi wa pili." Watu wakacheka. Nikaona mambo yanaelekea kuzuri.

Katibu alisubiri kicheko kiishe. "Sikutaka kusema leo," alisema. "Kuna kocha anakuja kutoka Morogoro, wa timu kubwa, sitaitaja. Anatafuta vijana wawili watatu. Anapita Mikumi siku ya Krismasi tu, kesho yake yuko Iringa. Nani humu anataka mechi isogezwe?"

Hakuna mkono uliopanda. Hata yule wa mke aliyenuna aliangalia ubao.

Nilijua katibu alikuwa ananisema mimi pia. Beki wa miaka ishirini na sita hana Desemba nyingi mbele yake. Nilikuwa nimeota kitu hicho tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa kilikuwa kinakuja mpaka Mikumi, mwendo wa saa mbili tatu kutoka kwangu. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa dawati la nyuma, ameinamisha kichwa, na nilidhani ni uchungu wa baba yake.

Nikasema, "Kama ni siku ya Krismasi, mimi na mwenzangu hatutacheza. Msiba ni msiba."

"Umesema wewe," katibu alijibu. Akaninyooshea mkono, nikampa kitambaa cha unahodha, kile cha njano, akakitia mfukoni.

Nje rafiki yangu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka, hili sitalisahau. Wallahi sitalisahau." Alikuwa amejifunza kuapa kwetu. "Na wewe uje Kisanga siku hiyo. Mama ameweka majogoo wawili. Amesema hawataguswa mpaka ufike uwachinje mwenyewe, ule bila shaka yoyote."

Siku moja kabla ya Krismasi, mchana, alifunga begi. Nilimwambia achukue msalaba. Akasema, "Njoo nao wewe kesho na bodaboda, kwenye gari la abiria utawachoma watu. Natangulia nikamsaidie mama." Mama yangu akampa doti ya kanga ampelekee mwenzake, pamoja na kilo mbili za mchele. Alimbusu Mama mkononi kama tulivyozoea Idi. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Asubuhi ya Krismasi mvua ilikuwa imenyesha. Niliufunga msalaba kwenye gunia, nikaukumbatia nyuma ya pikipiki, na tukaenda tukiteleza. Vijana waliokuwa barabarani na nguo mpya walituangalia. Mahali pawili tulishuka tukasukuma. Nilifika Kisanga saa tatu, tope mpaka magotini, na mama yake alitoka jikoni mbio akiwa na furaha usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu." Akatazama nyuma yangu, akatazama dereva wa pikipiki. "Na mwenzako?"

"Si yuko hapa mama? Alitangulia jana."

"Jana alinipigia simu akasema mtakuja pamoja leo asubuhi."

Tukatazamana. Nilisema labda gari liliharibika, labda amelala kwa ndugu njiani. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayeziba tundu kwa mkono. Nikampigia simu, haipatikani. Mama yake akasema mtandao kule unasumbua, atakuwa njiani. Kengele ya kanisa ikalia, akajifunga kitenge chake kipya akaenda na ndugu zake, na mimi nikabaki na wajomba wawili wazee. Nikawachinja wale majogoo. Hata nilipokuwa nawachinja nilikuwa nasikiliza njiani.

Watu walirudi kutoka ibadani, padri akaja, na yeye hajafika. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, limejengewa tofali kuzunguka. Shimo la msalaba lilikuwa tayari, zege limekorogwa. Padri alisubiri. Wajomba walizungumza kwa Kisagara kwa muda, wakitazama njia. Mwishoni mjomba mkubwa alinifuata.

"Kijana, kwa desturi yetu mtoto wa kiume ndiye anayeushika msalaba zege likimwagwa. Mwenzako hayupo, na zege halingoji. Wewe ndiye uliyeutengeneza. Utaweza?"

Sikujua kwa dini yangu naweza au siwezi. Nilimtazama mama yake. Naye alinitazama. Nikaenda nikaushika. Walimwaga zege, padri akasali, watu wakaimba, na mimi nilisimama nimeushika wima kwa mikono miwili, natazama upande wa kulia usiinamie. Nilisimama hapo muda mrefu hata baada ya wimbo kuisha, maana zege lilikuwa jepesi. Mwanamke mmoja wa ukoo ambaye hakunijua alinipa pole ya kufiwa na baba. Nikaipokea.

Tulikula saa nane. Mama yake alinikalisha kwenye kiti ambacho mwanawe angekalia, akaniwekea paja na firigisi. Nikamuuliza, ili kuwe na mazungumzo, kama kanga ya Mama yangu imempendeza.

"Kanga gani mwanangu?"

Nikasema aah, labda iko kwenye begi lake.

Binti mmoja, mtoto wa mdogo wake mama, alikuwa amepanda kilimani, juu ya kanisa, ambako simu zinashika vizuri. Alirudi anakimbia, amefurahi, simu ameinyanyua juu. Yeye hakujua chochote.

"Mama mkubwa! Kilosa wameshinda! Kaka amefunga yote mawili!"

"Kaka yupi?" mama aliuliza.

"Kaka! Kaka yetu! Hizi hapa picha, wametuma kwenye kundi."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu nilimwona. Yuko katikati ya uwanja wa Mikumi, amebebwa mabegani, mdomo umeachama kwa kicheko, na kwenye mkono wake wa kushoto kuna kitambaa cha njano cha unahodha. Niliikuza ile picha kwa vidole nihakikishe. Kilikuwa ndicho.

Sijui nilitegemea mama yake afanye nini. Hakulia. Alichukua sahani aliyokuwa amemfunikia mwanawe, akaifunua, akawagawia wajomba. Kisha akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu.

"Ulijua?"

"Sikujua mama."

"Alikuambia nini?"

Nikamweleza yote: geti, ndoo, darasani, kocha wa Morogoro, kitambaa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Basi wewe na mimi tumedanganywa na mtu mmoja." Akaninawisha mikono, mimi niliyekuwa na umri wa kumnawisha yeye, akaenda kuosha vyombo.

Nilirudi Kilosa kesho yake. Nilikuwa na hasira, lakini bado nilikuwa namtafutia sababu. Njia nzima nilimtungia maneno ya kujitetea: walimlazimisha, walimchukua njiani, alitaka kunipigia simu ikazima. Nilikuwa tayari kuyapokea. Niliamini nikifika nyumbani nitamkuta amekaa kizingitini ananingoja.

Hakuwepo. Alikuwa amefikia kwa katibu. Alikaa huko wiki nzima, na kijiweni nikaanza kusikia habari yangu mwenyewe. Ilisemwa kwamba nahodha alikataa kucheza kwa sababu Krismasi si sikukuu yake. Kwamba nilitaka kuua mechi ya Wakristo ili ibaki ya Idi peke yake. Kwamba ile shughuli ya kaburi niliitunga mimi, nikamshawishi yule dogo asicheze ili na yeye akose kuonekana, maana mimi umri umenitupa. Mteja mmoja, mama wa kwaya niliyemtengenezea madirisha, aliniuliza kwa upole, "Kwani Krismasi yetu imekukosea nini?" Mimi niliyekuwa nimeshika msalaba mpaka mikono ikafa ganzi.

Baada ya mwaka mpya tulikutana tena darasani. Rafiki yangu alikuwa amekaa mbele, karibu na katibu. Hakunisalimia kwa jina tunaloitana. Aliinua kidole gumba tu.

Katibu alisema timu haiwezi kuwa na nahodha anayeleta udini. Neno hilo lilinichoma. Nikasimama.

"Mzee, naomba mtu mmoja tu aseme. Mwenye shughuli yupo hapa." Nikamgeukia. "Sema. Ni nani aliyekuja kibandani kwangu? Sema shughuli ilikuwa ya nani."

Alikuwa anacheza na kamba ya kiatu. Watu wote walimtazama, na mimi bado, kwa ujinga wangu, nilikuwa namtazama kama mtu anayepiga mpira kushoto bila kuinua macho.

"Mimi," alisema, "nahodha ndiye aliyeniambia tusicheze."

Basi. Na lile neno ukilipima halikuwa uongo mtupu; darasani nilisema mimi, yeye hakusema kitu. Alikuwa amelikata sehemu moja na kulitoa hadharani. Nilisubiri sehemu ya pili, haikuja. Katibu akauliza kama kuna la ziada. Nikachukua kofia yangu nikatoka.

Kule kucheza kwa siri ningeweza kumsamehe baada ya muda. Kijana ana miaka ishirini na moja, kocha yuko Mikumi, nani angelala? Lakini aliniacha nisimame na aibu ambayo ilikuwa yake, mbele ya watu niliocheza nao miaka kumi, na dini ya mama aliyemlisha ikatukanwa pamoja nami. Alikuwa anaujua ukweli wote, amekaa nao hatua tatu kutoka kwangu, na aliufunga ndani ya kamba ya kiatu.

Mwezi wa pili alikwenda Morogoro kwa majaribio. Hakuja kumuaga Mama yangu. Mama alilianika godoro lake juani, akalipiga vumbi, akalirudisha chumbani. Alifanya hivyo miezi kadhaa. Siku moja nikamkuta anamkabidhi jirani aliyejifungua. Nilimwambia ningelichoma moto. "Godoro halina kosa," alisema, na hakutaka tulizungumze zaidi.

Mimi niliendelea kwenda Kisanga. Sikuwa na sababu ya kumwacha yule mama. Pasaka ile alinipa maharage ya kupeleka nyumbani na akaniambia mwanawe amekuja, amepiga magoti, ameomba radhi.

"Umemsamehe?"

"Mimi nimemzaa," alisema. "Nisipomsamehe nitampeleka wapi? Lakini wewe hukumzaa. Usidhani nitakulazimisha."

Nilimuuliza kama amemwambia aje kwangu pia. Akasema amemwambia. Nikangoja. Mwaka ule nilingoja kuliko nilivyowahi kumngoja mwanamke yeyote. Kila pikipiki iliyosimama mbele ya kibanda niliinua miwani.

Morogoro alicheza misimu miwili, zaidi akiwa benchi, goti likaharibika, akarudi. Hakurudi Kilosa. Alianza kazi Mikumi, kwenye karakana ya matairi barabarani, pale malori ya Zambia yanaposimama. Niliyasikia hayo kwa watu. Nilikutana naye mwaka juzi nilipoitwa Mikumi kutengeneza geti la nyumba ya wageni. Alinifuata mwenyewe, amevaa ovaroli, amenenepa kidogo.

"Kaka, za siku?"

"Nzuri."

Alikaa juu ya boksi la vifaa vyangu. Alizungumza kuhusu goti, kuhusu mke, kuhusu mtoto wake anayeanza chekechea. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya tairi, "Katibu alinifuata siku mbili kabla ya ile mechi. Akasema kocha anataka winga, hana haja na beki. Nikaona nikikuambia utanizuia."

Nilizima mashine.

"Ningekuambia nenda," nilisema. "Ningekwenda Kisanga nikamweleze mama yako mwenyewe kwamba mwanao ana bahati yake leo, mwache. Na msalaba ningeushika vilevile. Ungeniambia tu."

"Najua," alisema.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani hakunijua vizuri. Kumbe alinijua.

"Na darasani?" nikamuuliza.

Akatazama barabarani. Lori lilikuwa linaingia karakanani, dereva anapiga honi. Akasema, "Darasani niliogopa." Akasimama, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Krismasi hii tunacheza maveterani, Mikumi na Kilosa, na mimi bado nachezea Kilosa. Njoo, kaka. Tucheze hata nusu saa."

Nilimwambia nitaangalia. Sikwenda. Nilijua nikiwa beki na yeye winga, miguu yangu itapiga mpira ule ule upande ule ule, na sikutaka kumpa tena.

Siku hizi mimi ni mjumbe wa kamati ya timu. Katibu yule alishafariki, na waliobaki walipojua ukweli kutoka kwa watu wa Kisanga, polepole, mmoja baada ya mwingine, walinirudisha bila kusema pole, jinsi wanaume wanavyofanya. Mwaka jana kamati ilikaa kujadili kama mechi za sikukuu ziendelee. Safari hii hoja ilianzishwa na wazazi: padri alikuwa ameandika barua, na shehe naye akasema siku ya Idi vijana wanakimbilia uwanjani kabla hawajawaamkia wazee wao. Upande mwingine vijana walitetea mechi kwa maneno yale yale niliyokuwa namwambia Mama, mpaka lile la kucheza mbele ya mbuzi. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee wa ulinzi, wewe unasemaje? Wewe si ndiye uliyewahi kuikataa?"

Nilisema mpira uchezwe. Nilisema ila mchezaji yeyote mwenye ibada, mwenye mgonjwa, mwenye kaburi, aruhusiwe kukaa nyumbani na nafasi yake isichukuliwe. Na aje aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wote. Asitumwe mtu kumsemea.

"Hilo la mwisho la nini?" kijana mmoja aliuliza. "Mwingine si ana aibu, anamtuma nahodha wake."

Nilimwambia ndivyo nilivyoona inafaa. Wakapiga kura, likapita. Krismasi hiyo timu ilikwenda Mikumi na wachezaji kumi na watatu, wawili wakabaki kwao kwa ruhusa, na Kilosa ikafungwa moja bila. Mimi nilikuwa Kisanga. Mama yule ameanza kuona kwa shida, na alikuwa ameniwekea jogoo nimchinje. Mwanawe alikuja jioni na mke na mtoto, akaniamkia kwa heshima mbele ya wote, na mimi nikaitikia kwa heshima. Mama yake alitukalisha mkeka mmoja. Tulikula sinia moja, kila mtu upande wake, na nilipomaliza nikanawa, nikaaga, nikaondoka kabla mwanawe hajaanza kunisindikiza.